Kaburi la Ndabibi na swali la wakili

Jumamosi moja moja huwa napanda boda hadi Ndabibi, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Naivasha, nikakae na watu ambao jamaa zao wako rumande. Sitozi kitu. Chai hunishinda kwa sukari, lakini hiyo ndiyo ada yenyewe. Haya hapa ni maswali yanayorudi kila mara.

*Wakili, unamtetea vipi mtu ambaye hata wewe unajua alifanya?*

Hapa hapa Ndabibi kuna kaburi la mwanamke Mwingereza, Diana Delamere, aliyelazwa kati ya waume zake wawili, Gilbert Colvile na Lord Delamere. Shamba la Ndabibi lilikuwa la Colvile. Kabla ya hao wawili, Diana aliolewa na Jock Delves Broughton. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, mpenzi wa Diana, Lord Erroll, alikutwa ndani ya gari lake huko Karen, amepigwa risasi kichwani. Broughton akashtakiwa kwa mauaji.

Diana alipanda ndege hadi Johannesburg kumtafuta wakili, naye akampata Harry Morris. Upande wa mashtaka ulidai kwamba risasi zilizomuua Erroll zilifanana na zile ambazo Broughton alikuwa akizifyatua akijizoeza kulenga shabaha huko Nanyuki, na kwamba alitumia bastola yake aina ya Colt, ambayo yeye alikuwa ameripoti kuwa imeibwa. Morris hakuhubiri. Alimbana mtaalamu wa silaha. Risasi ikipita kwenye mtutu huchorwa mistari. Zile zilizomuua Erroll zilikuwa na mistari mitano, inayozunguka kuelekea kulia. Mtutu wa Colt huacha sita, na huzungukia kushoto. Basi hiyo bastola nyingine iko wapi? Ilikuwa ya nani? Hakuna aliyekuwa na jibu, na Julai 1941 Broughton akaachiliwa.

Alimuua au hakumuua? Watu wamebishana mpaka leo, wengine wameandika vitabu. Lakini hilo silo Morris aliloulizwa. Kazi yake ilikuwa kuwalazimisha wanaodai wathibitishe. Nami ni hivyo hivyo: mteja akiniambia kwa mdomo wake kwamba alifanya, siwezi kumpandisha kizimbani aseme uongo. Ushahidi wa upande wa mashtaka, huo bado nitaupima hadi mwisho.

*Hiyo ilikuwa kesi ya mzungu mwenye pesa. Mwafrika wa siku hizo je?*

Hakuwa hata na baraza la wazee wa mahakama kama lile la Broughton. Kesi ya Broughton iliamuliwa na wazungu wenzake kumi na wawili, kwa kuwa mfumo huo uliwekewa Wazungu. Mwafrika alikutana na jaji na washauri wa mahakama, ambao jaji hakulazimika kuwafuata. Washauri hao waliondolewa kwenye sheria zetu mwaka 2007 tu.

Kisha ikaja hali ya hatari, 1952. Kukutwa na risasi, hata moja, bila idhini kuliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Mwenye umri wa babu yangu hapa Naivasha anakumbuka kituo cha polisi kilivyovamiwa na Mau Mau Machi 1953. Basi mtazameni Argwings-Kodhek, kijana wa Gem aliyesomea sheria Uingereza, mmoja wa mawakili Waafrika wa kwanza kabisa nchini. Aliwatetea washukiwa wa Mau Mau, mpaka wakamwita wakili wa Mau Mau, jina ambalo halikuwa sifa kwa serikali. Nairobi mna barabara yenye jina lake, na wengi huipita wakielekea hospitalini bila kujua alikuwa nani.

Risasi ya Karen iliulizwa maswali kwa wiki kadhaa. Risasi ya mtu wa Rift Valley ilitosha kuonekana tu.

*Sisi wachungaji na vibarua wa Ndabibi, nani hutulipia wakili?*

Katiba ya 2010, Kifungu cha 50, inakupa haki ya kumchagua wakili, na inataka ujulishwe haki hiyo mapema. Pia yasema serikali itakupa wakili kwa gharama yake ikiwa bila hivyo utadhulumiwa sana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliundia jambo hilo idara yake. Kwa kesi ya mauaji, inayosikizwa na Mahakama Kuu, mara nyingi jaji humteua wakili na mshtakiwa hatoi senti.

Tatizo ni wizi wa kimabavu. Adhabu yake imeandikwa kifo, lakini kesi yake husikizwa na hakimu, na huko ndiko ninakowakuta vijana wakimhoji shahidi wenyewe, kwa woga, huku hakimu akiandika. Mshtakiwa wa aina hiyo aseme mapema, siku ya kwanza, mbele ya hakimu: "Sina wakili, sina uwezo, naomba msaada." Aombe liandikwe. Ombi lililomo kwenye rekodi lina uzito kwenye rufaa, lililobaki moyoni halina.

*Mwanangu yuko seli tangu juzi. Nianzie wapi?*

Mama, anzia kaunta ya kituo. Uliza kosa, na uombe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Polisi wanapaswa kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, au kama muda huo unaangukia nje ya saa za kazi, basi siku inayofuata ya mahakama. Bondi ya polisi ni bure. Ukitoa pesa taslimu kama dhamana, dai risiti, kwa maana kesi ikiisha unarudishiwa. Asiyekupa risiti, usimpe.

Kama kosa lenyewe ni la faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hawezi kuwekwa rumande. Mengine yote, dhamana ni haki yake isipokuwa kuna sababu nzito.

*Kuna kifungo cha nje kweli, au ni maneno ya mawakili?*

Kipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ni ya 1998. Kosa likiwa la kifungo kisichozidi miaka mitatu, hakimu anaweza kumtuma mtu akafanye kazi bila malipo, kwa mfano kupanda miti au kusafisha shule, baada ya ripoti ya afisa wa urekebishaji. Afisa huyo atafika nyumbani kwako na kwa chifu. Msifiche mtoto wala kumtia sifa asizo nazo, kwa sababu jirani ataulizwa.

*Wewe mwenyewe unapata nini kwa kuja huku?*

Sukari nyingi, nimesema. Na shahidi mmoja mmoja ambaye hangenifikia mjini kwa kukosa nauli. Mwaka jana mzee mmoja alinivuta kando akaniambia kijana ninayemtetea alikuwa kwenye josho na ng'ombe saa ile ile aliyodaiwa kuwa dukani. Jumatatu yake nikamwita kortini. Akaja na fimbo yake, hakimu akamruhusu aingie nayo.