Mafunzo Niliyopata Nikibadilisha Valvu za Priamplifaya

Kwa miaka mingi nimetengeneza redio na amplifaya za zamani hapa Marekani, na chombo kilichopita mezani pangu kuliko vingine vyote ni priamplifaya ya Dynaco PAS-3. Kampuni ilikuwa Philadelphia, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliiuza pia ikiwa vipande vya kujiungia mwenyewe nyumbani. Ukiifungua leo unaona mkono wa mtu aliyekaa na waya na risasi ya kulehemu zaidi ya nusu karne iliyopita. Ndani mna valvu nne za 12AX7 za kukuza sauti, na moja ya 12X4 ya kugeuza umeme. Ninakuandikia wewe uliyerithi chombo cha namna hii na unataka kukifufua kwa mikono yako.

1. Tafuta mgonjwa kabla ya kununua dawa

Mteja mmoja aliniletea PAS-3 pamoja na valvu mpya za bei kubwa. Alikwisha kuzibadilisha zote, na bado spika ya kushoto ilikwaruza kama samaki anayekaangwa. Nilizima, nikasubiri, nikahamisha valvu ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Nilipowasha, kelele ilibaki kushoto. Basi valvu haikuwa na kosa; kosa lilikuwa kwenye resista moja kuukuu ya kaboni, ya senti chache tu.

Jambo hili limenishangaza kuliko yote katika kazi hii: valvu ndogo za priamplifaya ni ngumu kufa, na watu huzitupa zikiwa bado nzima. Kwa hiyo hamisha kwanza. Kelele ikihama na valvu, umempata mgonjwa. Ikibaki pale pale, angalia resista, kapasita na soketi. Halafu jiulize kelele inatoka hatua gani. Ikisikika kwenye santuri peke yake, shughulika na zile valvu mbili za santuri. Ikisikika hata sauti ikiwa imeshushwa hadi mwisho, nenda kwenye mbili za mwisho. Gonga kila moja taratibu kwa penseli ya mbao. Inayolia ndani ya spika kupita wenzake imelegea ndani.

2. Kuchomoa waya hakutoshi

Ndani ya chombo hiki kuna umeme wa takriban volti 300, na kapasita huushikilia hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Siku moja nilikwenda kula, nikarudi, nikaweka mita kwenye kapasita kwa mazoea tu. Sindano ilipanda. Tangu hapo hakuna mwanafunzi wangu anayeingiza kidole kabla ya kupima na kuumaliza umeme huo kwa resista yenye mikono mirefu ya plastiki. Mkono mmoja uwe mfukoni.

3. Fuata namba, usifuate umbo

12AX7, ECC83 na 7025 ni ndugu. Ya kwanza ni namba ya Marekani, ya pili ya Ulaya, na ya tatu ilitengenezwa isiwe na kelele nyingi. CV4004 ya jeshi la Uingereza nayo ni ya ukoo huo. Lakini 12AU7 ina umbo lile lile na miguu tisa ile ile, na itaingia kwenye soketi bila kugoma. Tofauti ni kwamba 12AX7 inakuza mara 100 na 12AU7 takriban mara 20. Niliwahi kupokea chombo ambacho upande mmoja ulisikika kwa mbali sana, na sababu ilikuwa hiyo tu.

4. Shikilia bodi kwa chini

Soketi za PAS-3 zimeshikiliwa na bodi nyembamba ambayo sasa ni kavu na inavunjika. Ukisukuma valvu kwa nguvu, bodi inapinda, na njia za shaba zinapasuka mahali usipoziona. Tafuta lile pengo kati ya mguu wa 1 na wa 9, linganisha, weka vidole chini ya bodi, kisha sukuma wima. Unapochomoa, tikisa kidogo huku ukivuta juu. Safisha soketi kwa dawa ya viunganishi. Mara nyingi hiyo peke yake inamaliza mikwaruzo.

5. Soma kioo, siyo maandishi

Maandishi hufutika na huandikwa upya. Telefunken halisi za Ujerumani nyingi zina alama ya almasi iliyobonyezwa kwenye kioo chini, katikati ya miguu, na hiyo ni ngumu kughushi kuliko wino. Angalia pia ule mpako unaong'aa kama fedha ndani ya kioo. Ukigeuka mweupe, hewa imeingia na valvu imekwisha, iwe ni ya kampuni gani. Mimi sioni haja ya kutafuta za kale kwa bei ya dhahabu. Zinazotengenezwa leo Slovakia zinafanya kazi vizuri.

6. Kama chombo kinavuka bahari

Mashine hizi za Marekani zimejengwa kwa volti 120. Tanzania umeme ni volti 230, Kenya 240. Ukiipeleka Dar es Salaam au Mombasa, nunua transfoma ya kushusha umeme kabla ya kununua valvu hata moja.