Jiwe Lililo Hai

Sisi wa Maliba, tuliozaliwa chini ya Milima ya Rwenzori, twawajua ngege wa Ziwa George, lakini bahari tuliisoma vitabuni tu. Likizo iliyopita nilimtembelea mjomba wangu afanyaye kazi Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya. Asubuhi moja tukaenda kwa mashua hadi Kisite, mahali palipofanywa hifadhi ya bahari mwaka 1973, ambapo kuvua ni marufuku.

Nilivaa miwani na mrija wa kuvutia pumzi, nikapiga mbizi. Nilimwona kasa akipita polepole kama mzee aendaye shambani, na samaki wa manjano makundi kwa makundi. Nilipochoka nikasimama juu ya mwamba. Nahodha akapaza sauti, "Ondoa miguu, mwanangu! Hilo si jiwe."

Niliona haya. Tuliporudi mashuani nikamwomba radhi, naye akanieleza. Matumbawe ni wanyama wadogo sana, maelfu pamoja, kila mmoja kama kifuko chenye mdomo uliozungukwa na vidole laini. Wao hujijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, itumiayo mwanga wa jua kuwapatia chakula na rangi. Tumbawe la duara huongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Nililolikanyaga lilikuwa kubwa kama pipa, basi huenda linamzidi baba yangu umri.

Nilistaajabia zaidi pono. Meno yake ni kama mdomo wa kasuku, na ukiwa majini wamsikia akitafuna mwamba. Chokaa aliyoisaga humtoka ikiwa mchanga mweupe. (Bwenini hakuna aliyenisadiki.)

Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakiungua hivyo huitoa ile mimea, yakageuka meupe, na yasipopoa upesi hufa njaa. Mengi ya pwani hii yalikufa mwaka ule. Hapo nikakumbuka Nzururu, theluji yetu: mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea kama kilometa za mraba 6.5, na kufika 2003 haikutimia hata 1. Wataalamu hutaja joto la dunia katika mambo yote mawili.

Nahodha hakuamini kwamba kuna barafu karibu na ikweta. Nikamwahidi kumpelekea picha.

"Basi ipige upesi," akasema.