Muuguzi Anaporudi Darasani, Mkaazi Anafaidika Vipi?

Idara ya afya inapowasilisha makadirio yake ya bajeti, wakaazi wengi wana swali moja: kwa nini mtu ambaye tayari ni muuguzi, afisa kliniki au daktari aruhusiwe kwenda kusoma tena, ilhali zahanati ya kijijini ina wahudumu wawili tu? Ni swali la haki. Karo ni ghali, na mhudumu akikosekana kituoni hata kwa wiki moja, kina mama wenye watoto wachanga ndio wanaoumia kwanza.

Makala haya yanaeleza masomo ya uzamili ya afya ya umma ni nini, yanamfundisha mhudumu kazi gani, na yanavyoweza kusomwa bila kufunga mlango wa zahanati. Wahudumu wanaofikiria kujiunga nayo watapata mambo ya kuzingatia, na wakaazi watajua la kufanya mwanafunzi wa masomo haya akibisha hodi nyumbani kwao.

Tiba na afya ya umma

Mhudumu wa tiba humhudumia aliyefika kituoni. Afya ya umma humuuliza pia yule ambaye hajafika: ni wangapi wanaugua, wanaishi wapi, wanakunywa maji gani, na ni kitu gani kingewazuia kuugua? Muuguzi hodari anaweza kutibu watoto 30 wa kuhara kwa mwezi na mwezi unaofuata akatibu wale wale, iwapo hakuna aliyefuatilia chanzo.

Tangu Katiba ya 2010, na hasa baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013, hospitali za kaunti, zahanati na huduma za afya ya msingi zimekuwa jukumu la kaunti. Kwa Kilifi, hiyo ni kazi ya kuhudumia watu 1,453,787 kulingana na sensa ya 2019, katika wadi 35. Kuamua neti, chanjo au dawa ya kutibu maji iende wapi kwanza kunahitaji mtu anayejua kusoma takwimu za watu wengi kwa pamoja.

Hilo ndilo linalofundishwa katika uzamili wa afya ya umma. Masomo makuu huwa ni epidemiolojia, yaani jinsi magonjwa yanavyoenea na kwa nini; takwimu za afya; afya ya mazingira; usimamizi na uchumi wa huduma za afya; elimu ya afya kwa jamii; na maadili ya utafiti. Mwishoni mwanafunzi hufanya utafiti wake na kuandika tasnifu. Kwa kawaida masomo haya huchukua miaka miwili, na huenda yakachukua muda zaidi kwa anayesoma huku akifanya kazi.

Somo dogo: vijiji viwili

Ili mkaazi aone tofauti inayoletwa na elimu hii, tuchukue mfano wa kubuni. Zahanati moja inahudumia vijiji viwili. Mwezi uliopita, kijiji cha juu kilileta wagonjwa 40 wa kuhara na kijiji cha chini kikaleta 25. Afisa wa afya ya umma ana pikipiki moja na mafuta ya safari moja. Aende wapi kwanza?

Wengi watasema kijiji cha juu, kwa kuwa 40 ni zaidi ya 25. Lakini kijiji cha juu kina watu 4,000 na cha chini kina watu 1,000. Gawanya idadi ya wagonjwa kwa idadi ya watu, kisha uzidishe kwa 1,000. Kijiji cha juu kina wagonjwa 10 kwa kila watu 1,000, na cha chini kina 25 kwa kila watu 1,000. Anayeishi kijiji cha chini yumo hatarini mara mbili na nusu zaidi. Pikipiki iende huko.

Akifika, afisa anauliza kila nyumba inateka maji wapi. Watu 600 wanateka kisimani, na kati yao 21 waliugua. Watu 400 wananunua maji ya mfereji, na kati yao 4 waliugua. Hesabu ile ile inatoa wagonjwa 35 kwa kila watu 1,000 kwa wanaotumia kisima, na 10 kwa kila watu 1,000 kwa wanaotumia mfereji. Kisima kinashukiwa.

Hapa ndipo mafunzo yanapohitajika zaidi. Kushuku bado si kuthibitisha. Huenda nyumba zinazotumia kisima ndizo pia zisizo na vyoo, au ndizo zenye watoto wengi wadogo. Aliyefunzwa atachukua sampuli ya maji ipimwe, atalinganisha nyumba zenye vyoo na zisizo navyo, na wakati huo huo atawashauri watu wachemshe maji au watumie dawa ya kutibu maji. Hatasubiri miezi sita apate uhakika, wala hatatangaza kwamba kisima kimetiwa sumu.

Takwimu za kufanyia hesabu hii hazitoki mbali. Kila mwezi zahanati hujaza fomu za muhtasari, kama ile ya 705 ya wagonjwa wasiolazwa, na takwimu zake huingizwa katika mfumo wa kitaifa wa taarifa za afya. Kazi ya kujaza fomu hizo huonekana kama mzigo mpaka apatikane mtu kituoni anayejua kuzisoma.

Ushahidi uliotoka Kilifi

Wakaazi wa Kilifi wana sababu ya kujua thamani ya hesabu hizi. Katika miaka ya 1990, watafiti walilinganisha maeneo yaliyopewa neti zilizotiwa dawa na maeneo ambayo hayakuwa yamepewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa takriban theluthi moja mahali palipokuwa na neti. Ushahidi huo, pamoja na mwingine kutoka nchi nyingine za Afrika, ulichangia neti zilizotiwa dawa kukubalika kama kinga ya malaria barani kote.

Tangu mwaka wa 2000 pia, kuna eneo la kaunti hii ambamo wafanyakazi wa utafiti hupita nyumba kwa nyumba wakiandikisha waliozaliwa, waliofariki na waliohama. Majibu ya wakaazi yamesaidia kupima kama chanjo zinafanya kazi. Elimu ya uzamili inakusudiwa kumpa mhudumu wa kaunti uwezo wa kuuliza maswali kama hayo mwenyewe, kwa takwimu za kituo chake.

Kusoma bila kufunga zahanati

Si lazima kila mhudumu aondoke miaka miwili. Zipo njia kadhaa.

Ya kwanza ni mafunzo mafupi. Programu ya kitaifa ya mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani na maabara, iliyoanza mwaka wa 2004 chini ya Wizara ya Afya na washirika wake, ina ngazi tofauti. Ngazi ya chini huchukua miezi mitatu. Mhudumu huenda darasani kwa vipindi vifupi, kisha hurudi kazini na kufanya zoezi kwa takwimu za eneo lake. Ngazi ya juu huchukua miaka miwili. Kwa mhudumu ambaye hana hakika kama anaipenda kazi hii, ngazi ya chini ni pa kuanzia.

Ya pili ni uzamili katika vyuo vya humu nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi, Maseno, Kenyatta na Amref International University ni baadhi ya vinavyofundisha afya ya umma kwa ngazi hiyo. Uliza chuo chenyewe kama kina masomo ya jioni, ya wikendi au ya vipindi vya likizo kabla ya kuomba nafasi.

Ya tatu ni masomo ya masafa, ambapo mwanafunzi husoma kwa intaneti akiwa kituoni kwake. London School of Hygiene and Tropical Medicine ni miongoni mwa vyuo vya nje vinavyotoa uzamili wa namna hii, na ufadhili wa Jumuiya ya Madola una sehemu maalum ya wanaosoma kwa masafa. Kwa anayesoma nchini, HELB hutoa mikopo ya wanafunzi wa uzamili.

Kabla ya kulipa karo

Mhudumu anayetaka kujiunga azingatie haya:

• Hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ikiwa chuo ni cha nje, uliza mapema jinsi shahada yake itakavyotambuliwa Kenya.

• Pata idhini ya maandishi kutoka kwa mwajiri kabla ya kuanza. Anayepewa likizo ya masomo yenye mshahara kwa kawaida hutia sahihi mkataba wa kurudi kutumikia kwa muda uliokubaliwa. Usome wote kabla ya kutia sahihi.

• Panga na msimamizi wako ni nani atashika zamu zako siku za masomo na za mitihani.

• Jua kwamba shahada hii haibadilishi leseni yako. Muuguzi mwenye uzamili wa afya ya umma bado ni muuguzi. Wala shahada peke yake haimpandishi mtu cheo. Lazima nafasi iwepo.

• Chagua mada ya utafiti inayohusu tatizo la kituo chako, na uwasilishe matokeo kwa kamati ya kituo kwa lugha ambayo wanakamati wanaielewa.

Mwanafunzi akibisha hodi

Mtafiti akija nyumbani kwako, una haki ya kumuuliza maswali. Muombe akuonyeshe kibali cha NACOSTI na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Akueleze anatafuta nini, majibu yako yatatunzwa vipi, na kama kuna hatari yoyote kwako. Una haki ya kukataa, au kukubali kisha kuacha katikati, na hupaswi kunyimwa matibabu kwa sababu hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya yako kuwa ni za siri zinazohitaji ulinzi zaidi.

Unaweza pia kuuliza swali moja ambalo halimo katika fomu yake: matokeo yatarudi hapa kijijini lini, na yataletwa na nani?

Swali hilo liulizwe pia katika kamati za zahanati na vikao vya bajeti. Mhudumu aliyesomeshwa kwa pesa za umma akirudi, wakaazi wamwombe aeleze amejifunza nini, takwimu za kituo zinaonyesha nini, na ni jambo gani litafanywa tofauti mwaka huu. Akiweza kujibu hayo matatu, karo haikupotea.