Kuijaribu Kamera Mpya Katika Jua la Turkana

Mtu anunuapo kamera mpya, mara nyingi huenda nayo moja kwa moja arusini. Hilo si jambo la busara, kwa maana arusi hairudiwi. Yafaa kamera izoewe kwanza uani, mahali ambapo kosa halimwumizi mtu. Huko Lodwar na Kakuma, mazoezi hayo ni ya lazima, kwa sababu jua la Turkana ni kali na mchanga wake hurudisha mwanga mwingi.

Kwa nini uso hutoka kama kivuli?

Kamera haijui kilicho mbele yake. Hupima mwanga wote uingiao na kuchukua wastani wake. Mtu mweusi akisimama mbele ya mchanga mweupe, kamera hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Basi mchanga huonekana vizuri, lakini uso hauna macho wala tabasamu. Kosa si la ngozi ya mtu. Zamani rangi za picha zilisawazishwa kwa kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Ni katika miaka ya 1990 ndipo kampuni ya Kodak ya Marekani ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kwa hiyo mpiga picha hana budi kuiongoza kamera yake.

Jaribio la mbuzi wawili

Mbuzi mweupe na mbuzi mweusi wafungwe pamoja juani. Ikiwa wepesi wa filamu au wa kamera ni 100, picha ya kwanza ipigwe kwa tundu namba 16 na mwendo wa sehemu 1 ya 125 ya sekunde. Ya pili ipigwe kwa tundu namba 11, na ya tatu kwa namba 8. Namba ikipungua tundu hupanuka, na kila hatua huongeza mwanga maradufu. Kisha zitazamwe: ni picha ipi inayoonyesha manyoya ya yule mweusi, na ni ipi inayomharibu yule mweupe? Jibu liandikwe katika daftari. Mwenye simu naye aguse uso wa mtu kwenye kioo cha simu, ili mwanga upimwe hapo.

Saa zinazofaa

Lodwar iko nyuzi 3 hivi kaskazini ya Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua huwa karibu na utosi. Macho huingia kivulini, na rangi za shanga za akina mama hufifia. Ni bora kupiga picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Ikibidi kupiga adhuhuri, mtu akae kivulini mwa mti, akielekeza uso wake upande ulio wazi.

Vumbi na joto

Kamera isiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Chembe za mchanga hukwaruza lensi. Zipeperushwe kwanza kwa kipulizo, ndipo lensi ifutwe kwa kitambaa laini. Lensi isibadilishwe penye upepo.

Ruhusa ya mwenye sura

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992. Kwa mtu aliyekimbia vita, picha moja yaweza kuwa kumbukumbu pekee ya ndugu yake; tena picha hiyo hiyo, ikitangazwa ovyo, yaweza kumfichua kwa adui zake. Basi mpiga picha aombe ruhusa kwanza, aeleze picha itakwenda wapi, na akikataliwa aiweke kamera chini. Akikubaliwa, ampe mwenyewe nakala. Siku hiyo mazoezi ya mbuzi yatalipa, kwa maana nakala isiyoonyesha uso haina faida kwa mtu aliyekuwa na picha moja tu.