Hakuna Signali Kwenye TV? Kagua Dishi Kabla ya Kulipa Tena

Umelipia kifurushi juzi tu. Mvua ya vuli inapiga bati, mechi iko karibu kuanza, halafu skrini inaandika hakuna signali. Mkono unakimbilia simu ulipe tena. Ngoja kwanza! Kulipa mara mbili hakuongezi signali.

Ni malipo au ni dishi?
Soma kosa lililoandikwa. Kwa DStv, E16 ni shida ya kifurushi na E48-32 ni shida ya signali. Ukiona ni malipo, tafuta ujumbe wa uthibitisho kwenye simu na ulinganishe namba ya kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba ikiwa sawa, pigia kampuni ya TV uwasomee kodi ya muamala. PIN yako haihitajiki hapo, hata anayeuliza akijiita kastoma kea.

Kama ni signali, fuata hatua hizi

1. *Subiri mvua ipungue.* Setilaiti ziko juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka hapa. Mawimbi yake hufika yakiwa hafifu, na matone mazito huyapunguza zaidi. Mara nyingi picha hurudi yenyewe.

2. *Fungua menyu ya dekoda.* Utaona mistari miwili: nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora chini, huenda dishi imesogea au imezibwa. Yote ikiwa sufuri, shuku kebo au LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi.

3. *Kagua kebo.* Chomoa dekoda kwenye umeme kwanza. Fungua koneka iliyo nyuma yake. Waya wa katikati uwe umenyooka, usiwe na kutu wala maji. Kaza tena kwa mkono.

4. *Angalia miti.* Dishi ya Azam TV, kwa mfano, hutazama setilaiti iliyo nyuzi 7 mashariki. Ukiwa Meru au Embu, hiyo iko upande wa magharibi, nyuzi kama 54 juu. Ule mkima uliokuwa mfupi dishi ilipofungwa unaweza kuwa umeziba njia. Matawi yakilowa huzuia zaidi, ndio maana kiangazi hukuona shida.

5. *Usipande bati lenye maji, na usisukume dishi.* Ikihama nyuzi moja au mbili tu, picha inapotea kabisa. Hapo ni kazi ya fundi.

Ukimwita fundi
Mwambie ulichoona kwenye menyu, asije akakuuzia LNB mpya wakati shida ni koneka ya bei ndogo. Elewaneni bei ya kazi na ya vifaa kabla hajapanda. Akimaliza, akuonyeshe nguvu na ubora kwenye skrini, kisha ndio umtumie pesa. Hakiki jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo, na uhifadhi ujumbe. Akirudi kudai, una ushahidi.

Jambo la mwisho: siku picha ikiwa safi, piga picha ya ile mistari miwili kwa simu yako. Siku ikisumbua utakuwa na cha kulinganisha, na utajua kama pesa inaenda kwa kifurushi, kwa fundi, au inabaki mfukoni.