Faili la GB 6 limekuwaje GB 40?

SWALI: Nimegeuza diski ya mashine pepe kutoka qcow2 kwenda raw ili niihamishie kwenye diski halisi ya seva. Faili limevimba kutoka GB 6 hadi GB 40. Nimekosea amri?

JIBU: Hapana, ikiwa uliizima mashine kwanza na kuandika hivi:

qemu-img convert -f qcow2 -O raw zamani.qcow2 mpya.img

Angalia O ni kubwa. Ndogo ina kazi nyingine kabisa. GB 40 ndio ukubwa ambao mashine yenyewe huuona. Raw haina faharasa wala mgandamizo: baiti ya kwanza ya faili ndiyo baiti ya kwanza ya diski. Lakini linganisha ls na du. Kwenye ext4 au XFS, sehemu tupu huachwa kama mashimo yasiyokula nafasi, kwa hiyo du itakupa namba ndogo zaidi. Ukilinakili kwa rsync, ongeza -S, la sivyo mashimo yatajazwa sifuri. Snapshoti za ndani hazihami.

Baadaye, kila unapolifungua faili hilo, taja kwamba ni raw (kwa qemu-img, -f raw). Ukiiacha QEMU ibahatishe, mtumiaji mwenye hila ndani ya mashine pepe anaweza kuandika kichwa cha qcow2 mwanzoni mwa diski yake na kuielekeza QEMU isome mafaili ya seva yako.