Mteja akikupeleka kortini: fundi wako anaweza kuwa shahidi?

Wauzaji wenzangu, hii ni ya wale wanaouza simu, blenda, pasi, na chochote chenye waya ndani.

Tuseme umeuza simu mtandaoni kwa shilingi 38,000, ukaituma Nakuru. Wiki mbili baadaye unapata ujumbe: simu imezima, umeniuzia iliyotumika, rudisha pesa yangu. Wewe unaamini iliingia maji akiwa nayo. Mnarushiana maneno, mwisho anafungua kesi kwenye Mahakama ya Madai Madogo. Hapa Kenya mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60, na wakili si lazima.

Mbele ya mwamuzi, wewe na mteja ni mashahidi wa kawaida. Mnaeleza mlichoona na mlichofanya. "Niliifunga ikiwa mpya" ni sawa kusema. "Iliharibiwa na maji" ni maoni ya kiufundi, na maoni kama hayo yanapaswa kutoka kwa mtaalamu. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi kinazungumzia mtu mwenye ujuzi maalumu. Hakidai digrii. Fundi aliyefungua simu miaka kumi anaweza kukubaliwa, bora aeleze alijifunza wapi na kazi hiyo ameifanya kwa muda gani.

Sasa shida iko hapa. Wengi wanamwendea fundi rafiki, anaandika mstari mmoja, "Simu iliingia maji," anapiga mhuri, basi. Karatasi hiyo ni nyepesi sana. Mwamuzi atauliza: umejuaje?

Ripoti yenye uzito inaanza na simu yenyewe. Namba ya IMEI ni ipi, na inalingana na ile ya risiti? Nani aliileta, siku gani, na ilikuwa imeshafunguliwa? Halafu fundi aseme alichoona, na picha ziwepo. Simu nyingi zina kibandiko kidogo cheupe ndani ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Kama kimegeuka, aseme. Kama kuna kutu kwenye bodi, aonyeshe ni sehemu gani na kwa nini kutu hiyo inazimisha simu.

Halafu aseme pia asichoweza kujua. Kibandiko chekundu kinaonyesha maji yaliingia. Hakisemi nani aliyamwaga, wala kama ni kabla au baada ya wewe kutuma mzigo. Fundi akilazimisha jibu hapo ili akufurahishe, akiulizwa maswali mawili tu atayumba, na akiyumba hata ile sehemu aliyosema kweli itatiliwa shaka. Hilo pengo unalijaza wewe: picha na video ulizopiga simu ikiwaka kabla ya kuifunga, na ujumbe wa mteja wa siku ya kwanza akisema imefika poa.

Kuhusu fundi rafiki: sheria haimkatazi. Lakini mtaalamu yuko pale kuisaidia mahakama, hata kama wewe ndiye unayemlipa. Mwaka 1993 jaji mmoja wa London, kwenye kesi ya meli ya Ikarian Reefer, aliweka wazi kwamba maoni ya mtaalamu yawe yake mwenyewe, yasichongwe kufuata matakwa ya kesi, na akifika mahali nje ya ujuzi wake aseme hivyo. Na Mahakama ya Rufaa ya Kenya, kwenye kesi ya mirathi ya mwaka 1996 iliyohusu ushahidi wa mwandiko, ilisema maoni ya mtaalamu hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote. Mahakama haiwezi kumwamini kwa sababu tu ni mtaalamu.

Kwa hiyo mimi ningemwambia mteja mapema kabisa: usiifungue, tuchague fundi mmoja, tugawane gharama, aifungue sote tukiwepo. Wengine huishia kuelewana pale pale mezani. Akikataa, uhifadhi ujumbe uliomwandikia. Simu ikishapita kwa mafundi watatu, hakuna atakayejua nani aligusa nini.

Si kila kesi inahitaji mtaalamu, jamani. Dera lililochuja rangi, mwamuzi ana macho yake. Mazungumzo ya WhatsApp na malipo ya M-Pesa unayaleta mwenyewe, ukiambatanisha hati ya kifungu cha 106B inayoeleza ni kifaa gani kilitoa nakala hizo, na isainiwe na anayekisimamia. Na kama mzigo ni wa shilingi 2,500, ripoti na siku ya fundi kuja kortini zitakula zaidi ya hapo. Rudisha pesa uendelee na kazi. Kwa mzigo mkubwa, muulize fundi kabla hajaandika chochote kama yuko tayari kuja kuhojiwa. Mahakama hii haibanwi na kanuni zote za ushahidi, lakini ripoti ambayo mwenyewe hayupo kuitetea ni rahisi kuivunja.

Fanya haya yote mapema, manake rufaa kutoka Mahakama ya Madai Madogo kwenda Mahakama Kuu ni kwa mambo ya sheria tu. Mwamuzi akishaamua kwamba simu iliuzwa ikiwa mbovu, huendi kule juu na fundi mpya kuanza upya.